Gari Lipi Linakula Mayai Machache

Jumapili, 8 Juni

Vita vimetangazwa. Mezani kwangu, juu ya chai yangu, na shemeji yangu mwenyewe.

Shemeji huyu ni mdogo wake mke wangu. Anafanya kazi kwenye kampuni ya bima na hawezi kumaliza sentensi bila asilimia ndani yake, kwa hiyo ukoo mzima unamwita Asilimia. Mwezi uliopita alinunua gari la umeme. Jeupe, kimya, linang'aa kama friji. Tangu siku hiyo hana habari nyingine. Leo kamwambia dada yake kwamba petroli inatafuna asilimia thelathini ya faida ya keki zake, na kwamba gari letu mahali pake ni makumbusho.

Gari letu! Bi Mkubwa! Gari lililobeba kila keki iliyotoka katika nyumba hii! Sawa, kazeeka. Sawa, gia ya pili inaruka usipoishikilia kwa goti. Sawa, ili awake ni lazima ufungue mlango wa abiria, uinue ufunguo kidogo, ukanyage mafuta mara mbili, kisha ungoje akohoe. Lakini mimi nayajua yote hayo. Mimi peke yangu. Hakuna mwingine chini ya jua anayeweza kumwasha, na sioni kwa nini hiyo iitwe kasoro.

Mke wangu akakoroga chai kwa utulivu. Nikaogopa. Mke wangu akikoroga chai ambayo haina sukari, ujue anapiga hesabu.

Na hesabu zake si kama za watu. Yeye hapimi kwa pesa, anapima kwa mayai. Anasema pesa humponyoka kichwani, lakini trei ya mayai anaijua uzito wake mikononi. Viatu vya watu wengine vina bei; vyake vina trei. Bili ya maji ni trei moja kasoro mayai sita. Basi akatoa hukumu yake: Asilimia yuko likizo, gari lake litalala hapa kwetu wiki nzima. Siku moja keki ziende na Bi Mkubwa, siku inayofuata ziende na la umeme. Gari litakalokula mayai machache bila kumwaibisha mbele ya wateja ndilo litabaki. La umeme likishinda, Bi Mkubwa atauzwa, na pesa yake itakuwa malipo ya mwanzo.

Sasa niandike ukweli, maana shajara hainicheki. Mimi kwenye biashara hii sina kazi nyingine. Siwezi kuoka. Niliwahi kupewa mayai nivunje, wateja wakatafuna maganda. Mimi ni dereva. Mke wangu hukaa kiti cha abiria, keki magotini, na ndio muda pekee ambao anakaa chini. Hapo ndipo ananisimulia kila kitu: nani kamkera, nani kamchekesha, alichoota. Gari likiweza kuendeshwa na mtu yeyote, ataliendesha yeye mwenyewe, au mdogo wake. Nami nitabaki nyumbani nikiangalia ukuta.

Haitatokea. Nina mpango.

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya Bi Mkubwa. Kawaka mara ya kwanza! Mke wangu aliangalia mshale wa mafuta kabla hatujaondoka. Umejaa. Aliuangalia tena tuliporudi. Umeshuka. Akatikisa kichwa, midomo ikahesabu mayai.

Mpango wenyewe ni mwepesi kiasi kwamba naona haya kuusifu. Kesho alfajiri natoka na dumu, naenda kituo cha mafuta kwa miguu, nanunua kwa pesa yangu mwenyewe, naurudisha mshale pale ulipokuwa. Mke wangu atadhani aliona vibaya. Bi Mkubwa ataonekana haongezwi kitu. Pesa ninayo: nilikuwa naweka akiba ya viatu vya ngozi, vya kahawia. Vitangoja.

Jumanne, 10 Juni

Dumu limekwenda na kurudi. Faneli sina, kwa hiyo nilikata chupa ya plastiki shingo. Nusu iliingia kwenye tangi, nusu ikaingia kwenye mkono wa pajama. Nikarudi kitandani kimyakimya. Mke wangu akageukia ukutani. Hajashtukia kitu.

Leo ni zamu ya la umeme, na Asilimia akashika usukani ili atuonyeshe. Akatuonyesha! Gari la umeme halingurumi kwanza, halijiandai. Ukigusa tu, limeondoka. Asilimia aligusa kwa nguvu. Keki ya daktari wa meno ikaruka kutoka kwenye magoti ya mke wangu ikabusu kioo cha mbele. Krimu mpaka kwenye kioo cha kujitazamia. Nilikuwa kiti cha nyuma. Nilipiga mluzi kidogo, wimbo wa furaha tu, hauna jina.

Mchana mke wangu akasema nijaribu mimi. Nikaendesha kwa uso wa mtu anayekunywa dawa. Hakuna gia ya kushikilia kwa goti, kwa hiyo goti langu halikujua lifanye nini, likawa linatikisika lenyewe. Tatizo moja: halisikiki. Mzee mmoja alikuwa anatembea katikati ya barabara na gazeti lake, hana habari kwamba tupo nyuma. Kumpigia honi mtu mzima niliona haya. Tukamfuata polepole mtaa mzima mpaka akafika kwake, akafungua geti. Alipogeuka kulifunga na kutuona, alitusalimia vizuri sana.

Keki haikutikisika hata kidogo. Mke wangu alisinzia njiani, na hiyo haijawahi kutokea ndani ya Bi Mkubwa. Nami sikufurahia. Narudia: sikufurahia.

Jioni Asilimia akasoma kimita kidogo alichokifunga barazani, kwenye waya wa kuchajia. Umeme wa siku nzima, akasema mke wangu baada ya kufikiri, ni mayai saba.

Saba! Bi Mkubwa hula mayai saba akipiga chafya!

Jumatano, 11 Juni

Mke wangu kaangalia mshale wa Bi Mkubwa asubuhi, akaugonga kwa ukucha. Umejaa. Akaniuliza kama nimeongeza mafuta. Nikamwambia hapana, magari ya zamani yalijengwa na watu wenye adabu. Akasema huenda Bi Mkubwa kaona mke mwenza kaingia nyumbani, sasa anajitahidi. Tukacheka wote. Mimi nilicheka muda mrefu kuliko kawaida.

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Akasema, ikiwa Bi Mkubwa hali, basi ya nini kumlipa mtu atuletee mayai? Twende wenyewe kwa mfugaji, kule juu mlimani. Na tukishuka tupitie kwa mama yake. Na jirani anataka kwenda kupima macho, tumpe lifti. Tukaenda. Tukapanda. Tukashuka. Tukapita kila mahali.

Niseme haki ya Bi Mkubwa: mlima aliupanda. Kwa kulia, lakini aliupanda. Kule juu hakuna hata nguzo ya umeme ya maana. Mfugaji alimzunguka Bi Mkubwa mara mbili, akampapasa boneti, akasema magari kama haya hayatengenezwi tena. Mtu mwenye macho. Nikamwomba arudie kwa sauti, mke wangu alikuwa anahesabu trei.

Lakini jioni mshale ulikuwa chini kabisa. Safari mbili za dumu kesho. Kiatu cha kushoto nimeshakinywesha gari. Sasa naanza cha kulia. Dada anayeuza mafuta kituoni ameanza kuniita Bwana Dumu. Ananiuliza nina jenereta ngapi.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya umeme, na siku yangu ya bahati! Kulikuwa na keki ya mtu anayestaafu, ofisi iko mbali, ng'ambo ya mji. Tulifika vizuri. Kurudi, namba ya chaji ikaanza kushuka. Asilimia, aliyekuwa kiti cha nyuma, akaanza kushuka nayo. Akasema tuzime kiyoyozi. Tukazima. Akasema tuzime redio. Tukazima. Akasema dada asifungue dirisha, upepo unaliburuta gari. Tukakaa watatu ndani ya oveni hiyo, jasho linatiririka, wala hakuna aliyemwangalia mwenzake. Mimi ndani yangu kulikuwa na baridi safi.

Tukaingia kuchaji kwenye uwanja wa maduka. Chaja iko moja, na mbele yetu kuna gari ambalo mwenyewe yuko saluni anasukwa. Nywele ndefu! Nikakaa kwenye ukingo wa maua nikafurahia kila msuko. Bi Mkubwa, nikasema hewani bila kumlenga mtu, hujazwa kabla hujamaliza kupiga miayo.

Niliponyanyua macho, mke wangu alikuwa amefungua boksi la vipande vya kuonja. Alikuwa anawagawia watu wote wanaongoja. Mwenye saluni katoka na mkasi mkononi, kaonja, kaagiza. Mwenye duka la vitambaa kaagiza. Mpaka gari linapata chaji ya kutufikisha nyumbani, ameshapata oda tatu, na Asilimia anazigeuza kuwa asilimia kwa sauti kubwa. Eti kungoja chaji ni mtaji!

Imenibidi nichukue hatua kali. Kimita cha barazani kinahesabu kila kinachopita kwenye ule waya. Basi jioni nimechomeka waya wa kurefushia palepale. Friji kubwa la krimu juu yake. Pasi juu yake. Feni juu yake, na birika la umeme likichemsha maji yasiyo na mnywaji. Kesho gari la umeme litaamka limekula trei mbili. Nalala usingizi wa mwenye haki.

Ijumaa, 13 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Waya ulizidiwa. Swichi ilijikata mara tu tulipolala. Gari halikuingia chaji hata chembe. Liliamka na asilimia kumi na moja. Hilo ningelivumilia. Lakini friji nalo lilizima. Na ndani ya friji mlikuwa na maua ya krimu ya keki ya harusi ya kesho. Ghorofa tatu. Mke wangu alikuwa ameyatengeneza moja moja, siku mbili, mgongo umeinama. Yalikuwa yameyeyuka yakalala kwenye trei, hayajulikani lipi ni waridi na lipi ni jani.

Hakupiga kelele. Alishika mlango wa friji tu, akakaa hapo. Ningependa apige kelele. Nikasema labda panya. Akaniangalia, akaenda kuvaa aproni.

Asilimia akaja. Akaufuata waya kwa vidole kutoka barazani mpaka jikoni, akakuta pasi, akakuta feni, akakuta birika. Akanitazama. Nami nikatazama feni. Kisha akamwambia dada yake kwamba waya aliofunga yeye mwenyewe ulikuwa mbovu, kosa ni lake, anaomba radhi. Hakutaja asilimia hata moja. Sijui kwa nini alifanya hivyo. Nilitaka kumshukuru, nikaishia kumwambia kamba ya kiatu chake imelegea.

Mke wangu akaanza krimu upya. Saa hiyohiyo umeme wa mtaa mzima ukakatika. Huo sikuukata mimi! Naapa! Mashine ya kukorogea ikanyamaza katikati ya siagi. Nilidhani sasa atalia. Asilimia akafungua buti ya gari lake, mlikuwa na tundu la kuchomekea plagi, akavuta waya kupitia dirishani. Mashine ikaanza kuzunguka. Gari limeegeshwa kando ya baraza, linakoroga krimu! Jirani alileta kiti, akakaa kutazama. Nami nilisimama mlangoni nikiwa nimekasirika na nimefurahi, na sijui kipi kilizidi.

Maua yalikwisha jioni, mazuri kuliko ya kwanza. Gari likabaki na asilimia tano. Umeme wa mtaa bado haujarudi. Kwa hiyo kesho, kwenye keki kubwa kuliko zote mwaka huu, nani atabeba? Bi Mkubwa! Nimeshinda kwa njia ya mzunguko!

Kasoro moja tu. Leo pia Bi Mkubwa alizungushwa mji mzima kutafuta siagi, mshale umeshuka, na mimi sina hata senti. Viatu vyote viwili vimekwisha. Nikaenda kwa fundi wangu. Nikamweleza. Fundi alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. Akasema ameshatengeneza mambo mengi, lakini hajawahi kuombwa kuharibu kitu kinachofanya kazi. Kisha akafungua dashibodi, akauchomekea mshale njiti ya kiberiti kwa nyuma. Sasa unaonyesha umejaa. Utaonyesha umejaa hata tangi likitolewa nje.

Jambo dogo: sasa hata mimi sijui mna mafuta kiasi gani. Lakini ukumbi si mbali sana.

Jumamosi, 14 Juni

Ukumbi ni mbali.

Ghorofa mbili za chini zilikaa nyuma ndani ya maboksi. Ya juu, yenye maua, ilikaa magotini kwa mke wangu. Alivaa gauni lake la buluu. Nilishikilia gia ya pili kwa goti kwa mapenzi yote. Mashimo yote nimeyakwepa, lile la mbele ya benki, lile la kona ya shule, lile jipya. Mke wangu alikuwa ananisimulia habari ya yule dada wa duka la vitambaa na mumewe. Nikasema moyoni, basi, hivi ndivyo ninavyotaka, sitaki kingine.

Kwenye mwinuko wa mwisho Bi Mkubwa akajikunja, akashtuka mara mbili, akanyamaza. Mshale: umejaa.

Nikamwambia mke wangu ni plagi. Nikashuka, nikafungua boneti, nikaiangalia injini kwa ukali. Nikaigonga. Nikarudi, nikasema huenda ni kabureta. Alikuwa amekaa vilevile, keki magotini, mikono imeizunguka.

"Mume wangu," akasema, "petroli imekwisha."

Nikamwonyesha mshale. Akaunyoshea kidole, akaugonga na ukucha. Njiti ya kiberiti ikadondoka kwenye kiatu chake. Mshale ukaanguka chini, ukalala.

Magari yalikuwa yanapita. Jua lilikuwa limeanza kuiangalia keki.

"Umejua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu Jumanne. Uliingia kitandani unanuka kituo cha mafuta. Na yule dada wa kituoni hununua maandazi kwangu kila asubuhi. Aliniuliza Bwana Dumu anaendeleaje na jenereta zake."

"Na mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nangoja uniambie unaogopa nini."

Basi nikamwambia. Nimesimama barabarani, mikono ina grisi, nikasema yote. Kwamba lile gari jeupe mtu yeyote anaweza kuliendesha. Kwamba siwezi kuoka. Kwamba yeye hukaa chini mara moja tu kwa siku, nayo ni hapo, kando yangu, na nikiondolewa hapo sitakuwa na mahali pengine pa kukutana naye.

Akaniangalia mpaka nikaona aibu. Macho yake yalikuwa na maji, lakini mdomo ulikuwa unazuia kicheko.

"Unadhani keki zangu zilifika salama miaka yote kwa sababu ya hili bati?" akasema. "Mdogo wangu ana gari zuri, na ndani ya dakika moja alinipaka keki kwenye kioo. Wewe ndiye unayejua mashimo ya mji huu. Sasa mpigie simu aje, kabla bibi harusi hajalishwa maji ya krimu."

Umeme ulikuwa umerudi alfajiri. Asilimia alikuwa ameshachomeka, akaja mara moja. Nilijiandaa kwa maneno. Akashuka, akanitupia ufunguo, akaenda kukaa nyuma na maboksi. Alisema kitu kimoja tu: shemeji, endesha wewe, dada anakuamini asilimia mia.

Nikaendesha. Kimya. Keki ilifika na kila ua mahali pake. Njiani mke wangu akamalizia habari ya dada wa duka la vitambaa, nikaisikia yote, maana hakukuwa na injini ya kupigana nayo. Nimekuwa nikikosa nusu ya hadithi zake miaka yote hii. Sikujua.

Jumapili, 15 Juni

Hukumu. Meza ileile, chai ileile. Mke wangu alinitaka nitaje kila dumu. Nikataja. Kila moja lilimfanya afumbe macho.

Petroli ya wiki, pamoja na madumu: trei sita na mayai manne. Umeme wa wiki, ukiondoa pasi, feni na birika la wazimu: trei moja. Juu ya petroli kuna fundi, ambaye kila mwezi anakula trei mbili, na hiyo ni akiwa hana njaa.

Asilimia alinyoosha mikono kama mshindi wa mpira. Mke wangu akamwambia ateremshe. La umeme, akasema, likiwa jipya linadai mayai ya kuku wote tunaowajua, na watoto wao. Betri nayo ikichoka siku moja itaomba banda zima. Na mlimani halifai. Lakini wateja wetu wengi wako hapahapa mjini, linalala kando ya baraza, linakoroga krimu umeme ukikatika, na keki hailijui kama linakwenda. Kwa hiyo atatafuta lililotumika, si jipya, ambalo betri yake imepimwa mbele ya macho yake. Mayai ataletewa na mfugaji kama zamani. Bi Mkubwa atauzwa.

Nikauliza dereva atakuwa nani. Nilijaribu kuuliza kama mtu anayeuliza habari ya hali ya hewa.

Akasema dereva ni yuleyule, na kwamba aende akaoge, bado ananuka Alhamisi.

Ijumaa, 20 Juni

Bi Mkubwa ameondoka. Kanunuliwa na yule mfugaji wa mlimani, ambako chaja hazijafika na hazina haraka ya kufika. Nilimfundisha kumwasha. Mlango wa abiria, inua ufunguo, kanyaga mara mbili, ngoja akohoe. Nilitegemea itachukua mchana mzima, labda wiki. Bi Mkubwa akakohoa jaribio la kwanza tu! Kwa mtu baki! Nilijisikia kama nimesimama kwenye harusi isiyo yangu.

Walipokata kona nilibaki barabarani kidogo. Mke wangu akatoka na aproni, akanishika mkono, mkono wake una unga. Nikasema vumbi limeniingia machoni. Akasema ndiyo, vumbi leo ni kali. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha.

Gari letu jipya la zamani limefika. La kijivu. Asilimia ndiye aliyekwenda kuipima betri, akafurahi kwa namba mchana kutwa. Nimempikia chai mimi mwenyewe. Ilikuwa mbaya, akainywa yote.

Jumanne, 24 Juni

Siku nne za raha tupu. Nimeendesha, amesimulia. Nimekuwa mtu mpya. Nimejifunza kwamba ujanja haufai kitu, kwamba mtu akimpenda mwenzake aseme wazi, na kwamba sitamficha mke wangu jambo tena maisha yangu yote.

Leo saa ya chai mke wangu kasema gari hili ni jepesi kuliko kijiko, na kwamba anataka kujifunza kuendesha.

Nilitabasamu. Nikamwambia wazo zuri sana. Nikamwambia asimpe Asilimia kazi hiyo, wala asiende chuo cha udereva kupoteza mayai yake. Nitamfundisha mimi, bure, kwa mpangilio. Akakubali haraka, akainamia kikombe chake, mabega yakamtikisika kidogo. Nadhani alipaliwa na chai.

Nimekaa nimeandaa mtaala. Mwaka wa kwanza: vioo. Mwaka wa pili: jinsi ya kufunga mkanda, nadharia na vitendo. Mwaka wa tatu na wa nne: mashimo, moja baada ya jingine, na historia ya kila moja. Mwaka wa tano marudio. Usukani wenyewe tutaugusia mwaka wa sita, akiwa tayari, na sioni kwa nini tukimbizane.

Somo la kwanza ni kesho asubuhi. Atakaa kiti cha abiria, keki magotini, na kunitazama.